Trela za kubeba magari: Faida yapotelea njiani kurudi Mombasa

MELI ya magari inapotia nanga katika bandari ya Mombasa, ushushaji wa mzigo wake huwa tofauti kabisa na ule wa meli ya makontena. Magari hayo hayainuliwi kwa winchi. Madereva huingia tumboni mwa meli, wakawasha injini na kuyatoa moja baada ya jingine hadi yadini, mfano wa ng'ombe wanaotolewa zizini alfajiri.

Ni baada ya hapo ambapo swali gumu huzuka. Gari lililovuka bahari kutoka Japan bila gurudumu lake kugusa lami limebakisha kilomita 480 hivi ili lifike katika yadi za Ngong Road au Kiambu Road, Nairobi. Je, liendeshwe au libebwe?

Kwa miaka mingi, waagizaji wengi waliliendesha. Vijana wenye leseni hukodiwa Mombasa, kila mmoja akakabidhiwa gari na pesa za mafuta, na kufika Nairobi siku hiyo hiyo au usiku wake. Wakishalipwa ujira wao, hupanda basi na kurejea Pwani kusubiri meli nyingine.

Lakini katika barabara hiyo hiyo, malori yenye trela za ghorofa mbili yamekuwa jambo la kawaida. Trela hizo hubeba magari sita hadi nane kwa safari moja. Baadhi ziliagizwa kutoka ng'ambo, nyingine zimeundwa humu nchini na mafundi wa kuchomelea vyuma, na wamiliki wake si kampuni kubwa pekee. Wamo wenye yadi, mawakala wa kutoa mizigo bandarini na hata watu waliokusanya akiba na kuchukua mikopo katika vyama vya ushirika.

Biashara hii huonekana rahisi kwa anayeitazama kutoka pembeni. Magari yanaendelea kuingia nchini, barabara ipo, na fundi wa kuchomelea hakosekani. Hata hivyo, hesabu ya kina inaonyesha kwamba wengi wanaojitosa humo hupiga bei ya vyuma na kusahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba trela ya magari hubeba hewa nyingi kuliko uzito. La pili, na ndilo huamua nani atalipa mkopo na nani atanadiwa, ni kwamba lori linalopanda na magari saba hushuka Mombasa bila hata moja.

Hesabu ya mafuta

Mfano mmoja unatosha kulionyesha jambo hili. Tuseme lori lenye trela iliyojaa magari saba madogo huenda kilomita 2.5 kwa kila lita ya dizeli likipanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi. Kwa safari ya kilomita 480, litatumia lita 192. Likirejea tupu, hata kama litafikisha kilomita 3.5 kwa lita, litateketeza lita 137 zaidi. Jumla ni lita 329.

Mnamo Septemba 2021, bei ya dizeli jijini Nairobi ilikuwa Sh115.60 kwa lita. Kwa bei hiyo, safari ya kwenda na kurudi ingegharimu takriban Sh38,000 za mafuta, yaani kama Sh5,400 kwa kila gari lililobebwa.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2023, bei hiyo ilikuwa imepanda hadi Sh200.99, miezi michache baada ya ushuru wa thamani (VAT) kwa mafuta kuongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Safari ile ile, kwa lori lile lile, ingegharimu zaidi ya Sh66,000. Mzigo wa kila gari ungefika Sh9,400 hivi, kabla ya mshahara wa dereva na utingo, tairi, bima na mkopo.

Sasa mtu alinganishe na gari dogo linaloendeshwa lenyewe. Likienda kilomita 15 kwa lita, litahitaji lita 32 za petroli kufika Nairobi. Kwa bei ya Septemba 2023 ya Sh211.64, hizo ni Sh6,800 hivi. Kwa maneno mengine, kwa upande wa mafuta pekee, gari dogo lilifika Nairobi kwa gharama ya chini likiendeshwa kuliko likibebwa na lori ambalo lingerudi tupu.

Kwa magari makubwa mambo hubadilika. Gari la kifahari lenye uwezo wa kupanda milima, linalokwenda kilomita tisa kwa lita, lingetumia zaidi ya Sh11,000 za petroli katika safari hiyo. Lori lililobeba sita kati ya hayo lingetumia karibu kiasi hicho hicho kwa kila gari. Hapo, mizani inakaribia kulingana.

Lakini jambo la kuzingatiwa zaidi katika hesabu hii liko kwingine. Endapo lori hilo lingepata mzigo wa kurudi nao Mombasa, na mwenye mzigo huo akalipia mafuta ya kushuka, magari saba yangebeba gharama ya lita 192 pekee. Kwa bei ghali ya 2023, hizo zingekuwa Sh5,500 hivi kwa kila gari. Huo ni mzigo unaokaribia kuwa sawa na ule wa 2021, wakati dizeli ilikuwa ya bei nafuu na lori likarejea tupu.

Yaani mmiliki aliyepata mzigo wa kurudi aliweza kufuta karibu machungu yote ya kupanda kwa dizeli katika kipindi hicho cha miaka miwili. Asiyeupata aliyameza peke yake au akamsukumia mteja.

Msimu wa neema na msimu wa ukame

Tatizo jingine ni kwamba kazi hii haina mtiririko mmoja mwaka mzima. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo yamepitisha miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Kila Januari mosi, mstari huo husogea mbele kwa mwaka mmoja. Kuanzia Januari 1, 2025, kwa mfano, magari yaliyoruhusiwa ni yale yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2018 au baadaye.

Kwa sababu hiyo, waagizaji hukimbizana na kalenda. Miezi ya mwisho ya mwaka, wenye magari yanayokaribia kupigwa marufuku hufanya juu chini kuhakikisha yamefika kabla ya saa sita za usiku wa Desemba 31. Wenye trela huwa na kazi tele. Mwaka mpya unapobisha hodi, kasi hupungua, na trela iliyokuwa ikigombaniwa huegeshwa.

Mkopo, hata hivyo, haujui Desemba wala Februari. Riba ya Benki Kuu ya Kenya ilipofika asilimia 13 mnamo Februari 2024, waliokuwa wamenunua kichwa cha lori kwa mkopo walijikuta wakilipa zaidi wakati ambapo kazi ilikuwa haba. Miezi hiyo hiyo, shilingi ilikuwa imedhoofika hadi karibu Sh160 kwa dola moja ya Marekani. Gari lililoagizwa likawa ghali, na wateja wakapungua. Riba ilianza kushuka Agosti 2024 na shilingi ikawa imepata nguvu tena, lakini aliyenyang'anywa lori lake katika kipindi hicho hakurudishiwa.

Ni kweli kwamba wenye trela za magari waliponea pigo moja lililowaangukia wenzao wa makontena. Reli mpya ya SGR ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018, na hasa serikali ilipoagiza mwaka 2019 kwamba makontena yapelekwe bara kwa reli, malori mengi ya Mombasa yaliegeshwa na wakazi wakaandamana. Shughuli za utoaji wa mizigo zilirejeshwa bandarini kwa agizo la Rais William Ruto mnamo Septemba 2022. Magari mengi hayaji kwa makontena, kwa hivyo dhoruba hiyo haikuyazoa kwa nguvu sawa. Baadhi ya wawekezaji waliona hapo kimbilio salama, na ndiyo sababu walihamia trela za magari.

Uzito si tatizo, kimo ndicho

Anayeunda trela ya magari akifuata mawazo ya trela ya makontena atakosea tangu mstari wa kwanza wa chaki.

Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyopitishwa 2013, ekseli ya usukani huruhusiwa tani 8, ekseli mbili zilizoandamana tani 18, na tatu zilizoandamana tani 24. Lori la kawaida lenye trela ya ekseli tatu laweza hivyo kufikisha tani 50 kwa ujumla. Wabebaji wa saruji na nafaka huitafuta kila kilo ya kiwango hicho, na hofu yao kuu huwa mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye.

Mbebaji wa magari haogopi mizani. Gari dogo aina ya Toyota Vitz lina uzito wa takriban tani moja. Hata akichanganya madogo na ya wastani, magari saba hayazidi tani 10 au 11. Ukijumlisha na kichwa pamoja na trela yenyewe, msafara mzima ni kama tani 30, mbali sana na kikomo.

Kinachomwishia mapema ni nafasi. Sakafu ya chini ikiwa sentimita 60 kutoka ardhini, gari refu la sentimita 190 juu yake, unene wa ghorofa na gari jingine refu kama hilo juu, jumla hupita mita nne na nusu. Hapo sheria ya vipimo, pamoja na nyaya za umeme na madaraja, huanza kuwa na neno la kusema. Ndiyo maana mpangaji stadi huweka magari mafupi juu na marefu chini, na magari mengine hulazimika kusafiri bila mwenzake juu yake.

Kimo huleta hatari nyingine isiyosomwa na mizani yoyote. Mzigo uliopandishwa juu huyumba kwenye kona, na upavu mpana wa trela hupokea upepo wa nyika za Voi na Mtito Andei kama tanga la jahazi. Lori la aina hii laweza kupita mizani zote likiwa na uzito halali na bado likapinduka kwa sababu gari zito liliwekwa ghorofani na jepesi chini.

Mfumo wa serikali, kwa sehemu kubwa, umejengwa juu ya uzito. Mizani hupima tani. Hata kodi ya mapema inayotozwa malori hukadiriwa kwa tani ambazo gari limeundwa kubeba. Mambo yanayoweza kuua katika trela ya magari, yaani kimo, jinsi magari yalivyofungwa na uimara wa nguzo zinazoshikilia ghorofa, hubaki mikononi mwa mmiliki, fundi na dhamiri zao.

Kazi ya fundi

Kenya haina upungufu wa mafundi. Mabasi na matatu yamekuwa yakiundiwa bodi humu nchini kwa miongo mingi, na karakana za Industrial Area na Kariobangi jijini Nairobi, pamoja na zile za Changamwe huko Mombasa, zinaweza kukata, kukunja na kuchomelea karibu kila chuma. Kuunda trela hapa kuna faida zake. Fundi aliyeiunda yuko karibu inapopasuka, vipuri hupatikana, na pesa hubaki nchini.

Kazi yenyewe huanza na mihimili miwili mirefu ya chuma kinene inayokimbia kutoka shingo, mahali trela inapounganishwa na kichwa, hadi mkiani. Juu yake hupangwa vyuma vya kukingama, kisha njia mbili za magurudumu zenye matundu ili maji na tope visikae na kamba zipate pa kushika. Ekseli, ambazo nyingi hutoka Ujerumani au Uchina, hufungwa chini pamoja na springi na breki za upepo.

Ghorofa ya juu ndiyo huonyesha tofauti kati ya fundi na mbahatishaji. Huinuliwa kwa mitambo ya haidroliki, au kwa winchi ya mkono katika trela za bei nafuu. Lakini si haidroliki wala winchi inayopaswa kuishikilia ghorofa barabarani. Kazi hiyo ni ya pini nene zinazopenya katika matundu ya nguzo. Mpira wa mafuta ukipasuka, pini hubaki. Trela isiyo na pini, au ambayo pini zake zimebadilishwa na kipande cha nondo, inategemea bahati.

Makosa mengine hayaonekani kwa macho. Chuma kikichomelewa mahali pasipofaa katika mhimili mkuu hudhoofishwa na joto, na ufa huanza hapo miezi mingi baadaye. Ekseli zilizong'olewa kutoka trela kuukuu zaweza kuwa zimepinda kiasi cha kula tairi mpya kwa safari chache. Taa na mabomba ya upepo yakipitishwa juu juu ili kuokoa muda, hukatika. Mmiliki aliyefurahia kupunguziwa bei hulipa tofauti hiyo kwa awamu, barabarani.

Kwa bodi za mabasi, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) lina kiwango mahususi, KS 372, kilichozua mjadala mkubwa miongoni mwa waundaji kwa sababu kinagusa maisha ya abiria. Trela ya magari haijawahi kuvuta macho ya umma kiasi hicho, kwani haina abiria. Fikra hiyo inasahau kwamba nyuma ya trela kuna matatu, na mbele yake kuna soko.

Mkasa wa makutano ya Londiani mnamo Juni 30, 2023, ambapo lori lilipoteza mwelekeo na kuua zaidi ya watu 50 wakiwemo wachuuzi na wasafiri, ulikumbusha taifa kwamba gari zito likishindwa kudhibitiwa huwa janga la kila mtu. Lori hilo halikuwa la kubeba magari. Lakini mteremko hauulizi lori limebeba nini.

Vijana wa usukani

Mjadala huu hauwezi kukamilika bila kuwataja wanaoweza kuumia trela zikienea. Hao ni vijana wanaoendesha magari kutoka bandarini. Wengi wao hawana mkataba wala bima ya kazi. Hulipwa kwa safari, na kwa hivyo kila saa inayopunguzwa njiani ni nafasi ya kuwahi basi la kurudi na kuchukua gari jingine. Mfumo huo wenyewe hulipa mwendo wa kasi na kuadhibu usingizi.

Wapo waagizaji waliopokea magari yenye vioo vilivyopasuliwa na mawe, bampa zilizobonyezwa, au yasiyo na tairi ya akiba. Wapo pia waliopata simu ya usiku kuwafahamisha kwamba gari ambalo hawajawahi kuliona limebiringika Salama au Kibwezi. Kwa mtu aliyeuza shamba kununua gari la teksi, hiyo ni hasara asiyoweza kuinuka nayo.

Hali ni hiyo hiyo, na safari ni ndefu zaidi, kwa magari yanayoelekea Uganda. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia miteremko ya Bonde la Ufa. Dereva mmoja kwa kila gari maana yake ni kwamba msafara wa magari saba una watu saba waliochoka. Trela moja ina mmoja, aliye na leseni ya daraja CE ya malori yenye trela, na utingo wake.

Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kuyabeba magari, na haihusiani na mafuta. Hata hivyo, haitakuwa haki kuwaambia vijana hao kwamba kazi imekwisha na kuwaachia hapo. Kuna kazi za kupakia, kufunga na kushusha magari ambazo zinahitaji mikono inayoyajua magari. Mkanda wa kufungia ukipitishwa juu ya gurudumu badala ya kuvutwa kwenye bampa au sehemu dhaifu ya fremu, gari hufika jinsi lilivyoondoka. Huo ni ujuzi wa kufundishwa, na wenye uzoefu wa magari wangekuwa wa kwanza kufaidi.

Trela ndogo za pikapu

Mbali na malori makubwa, kuna tabaka jingine la trela za magari linalokua kimyakimya. Ni zile za gari moja, zinazovutwa na pikapu au gari kubwa la kibinafsi. Tangu Safari Rally irejee katika mashindano ya ubingwa wa dunia mnamo Juni 2021 huko Naivasha, hamu ya mchezo huo imeamka upya, na madereva wa humu nchini wasio na wadhamini wakubwa huhitaji njia ya kufikisha magari yao ya mashindano uwanjani na kuyarudisha yakiwa yameharibika.

Trela hizo huundwa katika gereji kwa bei ambayo mtu mmoja anaimudu. Nyingi ni kazi safi. Lakini gari la mashindano lenye zaidi ya tani moja, likiwa juu ya trela isiyo na breki zake, linaweza kulisukuma gari linaloivuta kwenye mteremko kama ule wa Mai Mahiu. Sheria huitaka trela isajiliwe peke yake, kwa nambari inayoanza na herufi Z. Nambari hiyo inafaa kuwa ushahidi kwamba mtu fulani aliwahi kuinama na kutazama breki.

Njia ya kutokea

Wamiliki werevu tayari wanajua kwamba vita vyao viko katika safari ya kurudi. Swali ni jinsi ya kuishinda.

Njia ya kwanza ni kuunda trela ambayo ghorofa yake ya juu hushuka na kulala juu ya ile ya chini, ikabaki sakafu moja tambarare. Trela ya namna hiyo hupanda na magari na kushuka na mabati, mbao, mabomba au bidhaa za viwandani zilizofungwa kwenye mbao za kubebea. Nchini kuna mafundi wanaoweza kuiunda. Tahadhari ni kwamba lazima iundwe hivyo tangu mwanzo. Trela iliyochomelewa kwa ajili ya tani 11 za magari haiwezi kugeuzwa usiku mmoja kubeba tani 25 za saruji kutoka Athi River. Anayejaribu hilo huivunja mgongo, na huenda akauvunja akiwa mteremkoni.

Njia ya pili ni ushirikiano. Magari mapya huundwa Nairobi na Thika, na baadhi huuzwa Pwani. Magari yaliyopata ajali, mitambo midogo na matrekta huhitaji kushushwa kila wiki. Mmiliki mmoja mwenye trela moja hawezi kuzunguka akitafuta mizigo hii, lakini chama cha wamiliki 20 chenye ofisi moja Nairobi kinaweza. Sekta ya matatu ilijifunza kufanya kazi kupitia vyama vya ushirika. Hakuna sababu ya wenye trela kushindwa.

Kwa upande wake, serikali ina kazi ambayo haihitaji fedha nyingi. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) na KEBS zinapaswa kukaa na waundaji na kukubaliana kuhusu mambo machache ya lazima: pini za usalama katika kila nguzo, kimo kilichoandikwa ubavuni mwa trela, aina na idadi ya mikanda kwa kila gurudumu, na uthibitisho wa uwezo wa trela inayotumika kwa kazi mbili. Mizani ya Mariakani, inayosimamisha malori hayo hata hivyo, yaweza kuwa mahali pa kukagua kimo na mikanda, kazi ya dakika chache kwa kila trela.

Kanuni za namna hiyo zisiandikwe kwa lugha ya kuwafungia nje mafundi wadogo. Kiwango kikihitaji mashine ambazo ni kampuni mbili au tatu pekee zinazo, uundaji utajificha vichochoroni, na trela zitakazotoka huko zitakuwa mbaya kuliko za leo. Kiwango kinachoeleza unene wa chuma, mahali pa kuchomelea na jinsi ya kujaribu pini kinaweza kufuatwa na karakana yoyote yenye nia njema.

Mnunuzi wa gari naye ana sehemu yake. Anayeitisha usafirishaji wa bei ya chini kuliko zote ajue kwamba pesa alizookoa zimetolewa mahali fulani: katika usingizi wa dereva, katika tairi zilizoisha au katika pini iliyogeuzwa nondo. Kuuliza trela ina bima gani, na magari hufungwa vipi, hakumgharimu chochote.

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Katika biashara hii, haba na haba hukitoboa pia: lita moja ya kurudi tupu, ufa mmoja wa chuma, mwezi mmoja bila meli. Anayetaka kuunda trela ya magari leo, kabla ya kumuuliza fundi bei ya vyuma, afaa ajiulize itashuka Mombasa ikiwa imebeba nini. Akikosa jibu, heri chuma hicho kibaki dukani.